Kutoka Tanuri hadi Trei: Historia Fupi ya Vyombo vya Kuokea na Namna ya Kuchagua Kinachodumu



Ndugu wasomaji, akina baba, akina mama na wanafunzi wetu, mada ya leo huenda ikamfanya mtu acheke: trei za kuokea. Tulikuwa na orodha ya mada nzito zaidi. Lakini Ramadhani moja tulichanga fedha za futari ya msikitini, tukanunua trei kumi na mbili dukani, nyembamba, nyeusi, zinazoteleza, za bei nafuu. Wiki ya kwanza zilianza kupinda kila zikiingia kwenye moto, tena kwa kishindo, unasikia "pau!" ndani ya oveni. Wiki ya tatu rangi nyeusi ikaanza kubanduka na kushikamana na vileja. Idi ilipofika tulikuwa na trei mbili tu zinazotumika, na mama mmoja akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake: Hivyo vyeusi ambavyo watoto wetu wamevila, ni nini?

Tukaanza kutafuta. Na katika kutafuta tukakuta kwamba swali la mama yule ni la zamani sana, na kwamba wanavyuoni na wapishi wa Kiislamu walilijibu kwa namna yao miaka mia nane iliyopita.

Tuanze na tanuri. Mwaka wa 5 Hijria (627), Waislamu walipokuwa wakichimba handaki kuilinda Madina, Jabir bin Abdillah (Radhiya Allaahu 'anhu) aliona dalili za njaa kali kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Akaenda kwa mkewe kuuliza kuna nini ndani. Palikuwa na pishi moja ya shayiri na mwanambuzi mmoja. Mke akasaga, mume akachinja. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akaagiza chungu kisiteremshwe motoni na unga usiokwe mpaka afike mwenyewe. Wakala watu elfu moja, na chungu kikabaki kinatokota. Kisa hiki kimo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, na sisi husimuliwa kwa ajili ya muujiza, nayo ndiyo haki yake. Lakini hebu tuangalie pia jikoni mwa mke wa Jabir. Mlikuwa na vyombo viwili: chungu, ambacho Waarabu walikiita burma, na tanuri.

Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wanaeleza kwamba burma asili yake ni chungu cha jiwe, linalochongwa katika Hijazi na Yemen. Ni lile jiwe laini linaloteleza mkononi, tunaloliita jiwe la sabuni. Huko Mashhad, Iran, wachongaji wanalitengenezea vyungu mpaka leo. Na pwani yetu nayo ililijua: vyombo vya jiwe la namna hiyo vilivyochongwa kaskazini ya Madagaska vimechimbuliwa Kilwa na katika miji mingine ya kale ya Waswahili. Jiwe linachelewa kupata moto na linachelewa kupoa, na halikipi chakula ladha ya chuma.

Tanuri lenyewe ni mtungi mkubwa wa udongo, moto unawashwa chini, na kinyunya cha unga kinabandikwa ukutani kwa mkono. Neno hili ni la kale kuliko Kiarabu chenyewe. Waakadi wa Iraq ya kale walikuwa nalo. Kwa hiyo kwa maelfu ya miaka mkate haukuhitaji trei hata kidogo, kwa sababu ukuta wa tanuri ndio uliokuwa trei. Wazee wetu waliooka mkate wa mofa walifanya hivyo hivyo. Hata mkate wa ufuta wa Unguja, unaoanzia kwenye kikaango kisha kikaango kikageuzwa uso wake uelekee makaa, unategemea siri hiyo hiyo: lazima mkate ung'ang'anie chombo. Jaribu kuupika kwenye kikaango kisichonata uone. Utaanguka motoni. Tunalitaja hili kwa sababu siku hizi watu hudhani kila chombo kizuri ni kile kinachoteleza.

Trei ilikuja na furn, yaani oveni yenye sakafu bapa ambamo chombo kinaweza kukaa. Neno furn Waarabu walilipata kutoka kwa Warumi. Katika miji ya Sham na ya Maghribi, nyumba nyingi hazikuwa na oveni. Mtaa ulikuwa na furn moja, na watoto walibeba kichwani ubao wa mikate au sinia ya nyama ya kusaga na ngano wakapeleka kwa mwokaji. Huko Fez kila nyumba iliweka alama yake kwenye unga ili mikate isichanganyike.

Mambo yakishakuwa ya sokoni, lazima awepo wa kuyasimamia. Huyo aliitwa muhtasib. Katika karne ya 12, zama za Salahuddin, mtu wa Sham aitwaye al-Shayzari aliandika kitabu cha kumfundisha muhtasib kazi yake, sura baada ya sura, fani baada ya fani. Kwa waokaji alitaka mkandaji asikande kwa miguu wala magoti wala viwiko, avae nguo ya mikono iliyobana, afunike mdomo asije akapiga chafya au kutema mate juu ya unga, afunge kitambaa kipajini jasho lisidondoke, na awepo mtu wa kufukuza nzi. Msomaji aliyewahi kuingia nyuma ya baadhi ya mikate ya mitaani kwetu na aseme kama tumepiga hatua mbele au nyuma.

Kilichotugusa zaidi ni maneno yake kuhusu wakaangaji wa zulabia. Kikaango chao, alisema, kiwe cha shaba nyekundu nzuri. Na kabla ya kukitumia kwanza wachome pumba ndani yake, kikipoa wakisugue kwa majani ya mboga, wakirudishe motoni na asali kidogo mpaka iungue, kisha wakisugue kwa unga wa vigae na kukiosha. Mama yeyote anayejua kuandaa kikaango kipya cha vitumbua atatabasamu hapa. Hiyo ndiyo kazi ileile: chombo kipya hakianzi kazi kabla ya kuzoezwa moto na mafuta.

Baada yake, mwaka 623 Hijria (1226), Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi alimaliza kitabu chake cha mapishi mjini Baghdad, miaka 32 kabla ya Wamongolia kuuteketeza mji. Kitabu kilipona, kikakutwa Istanbul, na Daoud Chelebi akakichapisha Mosul mwaka 1934. Mwanzoni kabisa, kabla ya kumfundisha mtu kukata hata kitunguu, al-Baghdadi anazungumzia chombo. Vyungu bora ni vya jiwe. Baada ya hapo vya udongo. Vya shaba vilivyopakwa bati ni kwa kulazimika tu. Na chakula kibaya kuliko vyote, kwake yeye, ni kile kilichopikwa ndani ya shaba ambayo bati yake imekwisha banduka.

Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mama na vipande vyake vyeusi. Mpishi wa Baghdad alikuwa na hofu ileile, ya ngozi ya juu ya chombo kubanduka na kilicho chini kugusana na chakula.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Shaba hupitisha moto vizuri sana, kuliko karibu kila madini yanayofaa jikoni. Lakini ikikutana na siki, ndimu au ukwaju huyeyuka kidogo kidogo, inazaa kutu ya kijani, na mlaji huchafukwa na tumbo na kutapika. Dawa iliyopatikana ni kuipaka bati nyeupe kwa ndani. Waarabu huiita qal'i, Wahindi kalai. Fundi anakisafisha chombo mpaka king'ae, anakipasha moto, ananyunyiza nushadir ili kuondoa uchafu wa mwisho, anagusisha kijiti cha bati kikayeyuka, halafu anaisambaza haraka kwa pamba. Kazi inakwisha kwa dakika chache, nayo hurudiwa kila bati inapochakaa. Lakini bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 tu, na mkate huokwa kwa 200 au 220. Yaani sinia ya shaba iliyopakwa bati ikisahauliwa tupu kwenye moto mkali, ngozi yake inatiririka kama maji. Chombo cha mchuzi kinaweza kuvumilia maisha hayo kwa sababu maji hayapiti 100, lakini chombo cha kuokea kinakaa ukingoni mwa shimo kila siku.

Sasa tugeukie kwetu. Wengi wetu tunasema sufuria bila kufikiri. Neno hili limetokana na Kiarabu sufr, shaba ya njano, kwa maana sufuria za kwanza zilizofika pwani zilikuwa za shaba. Sinia ni siniyya, kitu cha China. Karai limetoka kwa Wahindi, na debe pia. Jiko la Mswahili ni ramani ya Bahari ya Hindi! Misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora hadi Ujiji, ikavuka ziwa na kuingia Manyema, ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, na majina ya vyombo yakasafiri nayo. Leo Mnyarwanda na Mrundi wanasema isafuriya, Mganda anasema sefuliya, hata kama hajawahi kuiona bahari.

Pamoja na majina, ulisafiri ufundi wa moto juu na chini. Jiko la makaa, ambalo Uganda ni sigiri na Burundi na Rwanda ni imbabura, lilitengenezwa kwa ajili ya kuchemsha. Mama wa Kiswahili akaligeuza oveni. Sufuria yenye mkate wa kumimina inawekwa juu ya makaa machache, inafunikwa kwa sinia au bati, na juu ya mfuniko yanapaliwa makaa mengi zaidi. Asiyejua huweka makaa mengi chini na mkate unaungua kitako huku uso umepauka. Wengine hutia mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuweka chombo cha keki juu yake, mchanga ukagawanya moto sawasawa. Wanafunzi wetu wanaosoma fizikia watambue kwamba bibi zao walikuwa wakifanya jaribio la upitishaji joto bila kulipa ada.

Katika ufundi huo sinia ya mfuniko ndiyo iliyoteseka. Makaa mekundu yakikaa moja kwa moja juu ya bati jembamba, bati linapinda, halafu linatoboka. Ndiyo sababu debe likapendwa. Debe la mafuta ya taa, galoni 4, yaani lita 18 na kitu, lilikuwa chuma chembamba kilichopakwa bati. Lilitumika kupimia nafaka hadi likawa kipimo, na lilipozeeka lilipasuliwa, likanyooshwa na kuwa mfuniko, sinia ya kuokea, hata oveni nzima. Tatizo la debe lilikuwa maungio yake. Makopo ya zamani yaliungwa kwa lehemu yenye madini ya risasi, na lehemu hiyo huyeyuka mapema sana. Trei nzuri ya chuma, tangu hapo mpaka leo, ni ile ambayo kona zake zimekunjwa au zimebonyezwa kutokana na kipande kimoja, si zile zilizogundishwa.

Kisha ikaja aluminiamu, na hapa inabidi tukae kidogo. Katikati ya karne ya 19 madini haya yalikuwa ya wafalme. Mwaka 1855 yaliwekwa kwenye maonyesho Paris kama kitu cha ajabu, na mwaka 1884 Wamarekani waliweka kipande chake kileleni mwa mnara wa Washington kama mtu anavyoweka kito. Miaka miwili baadaye, 1886, vijana wawili ambao hawakujuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja akagundua njia ya kuyatoa kwa umeme. Wote walizaliwa 1863, wote wakafa 1914. Subhaanallaah. Bei ikaporomoka, na kilichokuwa kito kikawa sufuria ya kupikia ugali.

Aluminiamu ni nyepesi, haishiki kutu, na hupitisha joto karibu mara kumi na tano zaidi ya kile chuma cheupe kisichoshika kutu ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913. Kwa trei ya kuokea hiyo ni neema kubwa: vileja vya pembeni na vya katikati huiva pamoja. Tena huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 tu, wakati shaba inataka 1085 na chuma zaidi ya 1500. Makaa na mivukuto vinatosha. Kwa sababu hiyo, katika kila mji wa nchi zetu wapo mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu na kusubu masufuria mazito yanayoonekana yatadumu mpaka Kiyama.

Sisi tuliwasifu mafundi hawa miaka mingi, na bado tunawaheshimu, ni ndugu zetu na watoto wanakula kwa jasho lao. Lakini uzito wa sufuria hausemi kilichomo ndani yake. Fundi anayeyusha anachokipata: vipande vya injini, rejeta, mabaki ya kompyuta, makopo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi kwenye kimiminika chenye asidi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Huko Marekani, jimbo la Washington, maafisa wa afya walishangaa kuona watoto wa familia za wakimbizi wa Afghanistan wana risasi nyingi damuni. Chanzo kimoja kilikuwa sufuria za aluminiamu walizokuja nazo kutoka nyumbani, zile ambazo mama alizifungasha kwa upendo. Utafiti wao ulitoka 2022, na mwaka 2024 jimbo hilo likapitisha sheria juu ya risasi katika vyombo vya kupikia.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Humdhuru mtoto ubongo, tena kimyakimya. Mzazi anamwona mwanawe mzito darasani na hafikirii sufuria.

Hatusemi haya ili mtu atupe vyombo vyake vyote leo. Risasi inatoka zaidi pale penye maji, asidi na muda mrefu: mchuzi wa nyanya, maharage yaliyotiwa ndimu, ukwaju uliolala. Mkate mkavu kwenye trei hauchoti kiasi hicho. Ila trei ya kusubu ambayo asili yake haijulikani sisi tumeamua kuitandika karatasi ya kuokea au jani la mgomba kabla ya kuweka unga, kutoisugua kwa steliwaya, na kutotengenezea humo kitu chochote cha uchachu. Na kama tunanunua mpya, tunanunua trei iliyobonyezwa kutoka karatasi ya aluminiamu ya kiwandani, yenye alama ya shirika la viwango la nchi, iwe UNBS ya Uganda, RSB ya Rwanda, KEBS ya Kenya au TBS ya Tanzania. Alama si kinga kamili, lakini mwenye alama ana anwani na anaweza kuulizwa.

Kuna trei nyingine ambazo hazina udhuru: zile zinazokatwa kutoka mabati ya kuezekea nyumba. Mabati hayo yamepakwa zinki. Zinki na vitu vichachu haviachani salama, na mlaji ataharisha na kutapika. Vilevile trei za mapipa. Muulize fundi pipa lilikuwa na nini. Kama hajui, mwachie.

Tumrudie sasa mama yetu na vipande vyeusi. Mwaka 1938 mkemia Roy Plunkett, akifanya kazi ya majokofu Marekani, alifungua mtungi wa gesi akakuta imegeuka unga mweupe unaoteleza ambao karibu hakuna kitu kinachoushika. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire alipata njia ya kuugandisha kwenye aluminiamu, inasemekana kwa shauri la mkewe aliyechoka kusugua sufuria, na mwaka 1956 kampuni ya Tefal ikazaliwa. Jawabu la swali ni hili: vipande vyenyewe vikimezwa hupita tumboni na kutoka, havivunjwi na mwili. Kwa hilo mama na apumzike moyo. Lawama ilikuwa kwenye kemikali iliyosaidia kutengeneza rangi hiyo, iitwayo PFOA, ambayo haiozi na hukaa katika maji na damu za watu. Mwaka 2006 makampuni makubwa manane yalikubaliana na serikali ya Marekani kuiacha ifikapo 2015, na mwaka 2019 ikaingizwa katika Mkataba wa Stockholm. Chombo cha zamani sana au kisicho na jina hatuna njia ya kujua kilitengenezwaje. Na hata kilicho kizuri, kikipita nyuzi joto 260 rangi yake huanza kuharibika na kutoa moshi. Moshi wa chombo kilichounguzwa sana huua ndege wa kufugwa ndani ya nyumba. Makaa mekundu yanapita 260 bila kutokwa jasho. Basi trei nyeusi za kuteleza si vyombo vya moto wa juu na chini. Tulikosea sisi kununua, kabla ya muuzaji kukosea kuuza.

Al-Baghdadi angesema tumenunua shaba yenye bati inayobanduka.

Tulichofanya safari hii ni kwenda sokoni na sumaku. Sumaku ikishika, ni chuma. Isiposhika, ni aluminiamu au ile cheupe isiyoshika kutu, na hizo mbili utazitofautisha kwa uzito, maana aluminiamu ni nyepesi mno. Trei tuliiweka juu ya meza iliyonyooka tukabonyeza kona mbili zinazokabiliana. Ikicheza dukani, kwenye moto itaruka. Tukaangalia ukingo: umekunjwa ukazunguka waya ndani yake, au ni bati lililokatwa tu na kuachwa likate vidole? Waya wa ukingoni ndio uti wa mgongo wa trei. Unene wa karibu milimita moja kwa aluminiamu unatosha. Chini ya nusu yake ni kununua kelele. Rangi nayo ina kazi. Trei nyeusi hunyonya joto na kukausha kitako cha mkate haraka, inafaa kwa mikate ya ngano inayotakiwa kuwa kavu, lakini vileja na keki huungua chini kabla juu hakujaiva. Kwa hivyo vya kwetu vya sukari, trei ya rangi ya fedha isiyong'aa sana ndiyo rafiki.

Chuma cha kusubu kinadumu kuliko vyote, kama una mikono ya kukibeba na subira ya kukizoeza. Kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta kidogo sana mpaka kionekane kama hakikupakwa, kiache kwenye moto mkali saa moja. Rudia mara tatu nne. Mafuta hugeuka kuwa ngozi ngumu nyeusi, na ngozi hii ikibanduka unaipaka nyingine mwenyewe nyumbani, tofauti na ile ya Grégoire. Ukikiacha na maji usiku kucha, asubuhi utakuta kutu. Vyombo vya vioo havihitaji maneno mengi: usivitoe kwenye moto ukaviweka juu ya sakafu yenye maji, na usiviweke kabisa juu ya makaa.

Lipo jambo la fiqhi ambalo tuliulizwa pia, kwa sababu trei nzito kabisa zinapatikana kwa bei ya chini pale hoteli au mikate ya wageni inapofunga na kuuza vyombo. Je, ikiwa zilipakwa mafuta ya nguruwe? Abu Tha'laba al-Khushani (Radhiya Allaahu 'anhu) alimuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, akaelekezwa kwamba wakipata vingine wasivitumie, na wasipopata wavioshe kisha wavitumie. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Trei ya chuma isiyo na rangi ya kubanduka ukiichemsha kwa maji na sabuni mpaka mafuta yote ya zamani yatoke, imeoshwa. Penye shaka zaidi aulizwe sheikh wa mtaa. Ila wengi hushughulika na trei wakasahau brashi ya kupakia siagi. Brashi nyingi za nywele za asili ni manyoya ya nguruwe, na huuzwa hata kwenye maduka yetu bila maandishi yoyote. Nunua ya silikoni, au tumia kitambaa safi kama walivyofanya mama zetu.

Mwishowe fedha za trei kumi na mbili nyembamba zilitosha trei sita nzito. Tulinung'unika kidogo hesabu ilipotolewa. Tumezipiga alama kwa msumari kwenye ukingo, herufi M ya msikiti, ili zikiazimwa kwa ajili ya harusi zijue njia ya kurudi. Mbili zimekwisha azimwa.